Vidonge Ndani ya Mtungi

Juma hili tumepata barua kutoka Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, katika nchi iliyokuwa ya wilaya ya Mbinga na ambayo tangu mwaka 2012 ni ya wilaya ya Nyasa. Aliyeiandika ni binti mmoja, naye aomba jina lake lisitajwe, kwa kuwa habari yenyewe ni ya baba yake mkubwa, na mzee huyo hapendi mambo yake yatembee vijijini kabla yake.

Mzee alikuwa mvuvi wa kupiga kasia miaka zaidi ya thelathini. Sasa ana mashine nyuma ya mtumbwi na vijana wa kumvulia. Yeye huketi mchangani akihesabu ndoo za usipa, na akitaka kwenda mahali, hata nusu maili, humwita kijana wa bodaboda. Mwaka uliopita alipimwa presha akaonekana na 168 kwa 100. Akapewa vidonge, akavimeza miezi mitano. Ndipo mwanawe aliye Dar es Salaam akampelekea habari kwa simu, kwamba wataalamu wa Ulaya wamelinganisha majaribio 391, wakaona mazoezi yashusha presha sawasawa na vidonge.

Mzee alifurahi mno. Vidonge akavitia ndani ya mtungi wa mbegu za mahindi, akafunika. Tangu siku ile kila alfajiri aenda kwa miguu ufukoni, mpaka jua lichomoze, kisha arudi. Asema kichwa chake ni chepesi na usingizi ni mtamu. Binti akimsihi arudie dawa, mzee humjibu, "Wazungu wamepima mara 391. Wewe mwanangu umepima mara ngapi?"

"Basi nimjibu nini?" aniuliza binti.

Binti yangu, jibu langu la kwanza ni fupi, nalo lisingoje kusomwa kwa ukurasa huu wote. Baba mkubwa aende zahanati kesho asubuhi. Aeleze bila haya kwamba ameacha dawa, na tangu lini. Apimwe, naye mganga atamwambia aanzeje tena. Asimeze viwili viwili ili kufidia siku zilizopotea. Na ile safari yake ya alfajiri asiiache hata kidogo.

Sasa tuje kwenye sababu, maana mzee aliyejibu vile si mtu wa kunyamazishwa kwa amri tu.

Kwanza nataka kumtetea yule kijana wa Dar es Salaam. Hakusema uongo. Kazi hiyo ya majaribio 391 ipo. Ilichapishwa Desemba 2018 na Huseyin Naci wa chuo kimoja cha London pamoja na wenzake. Kosa la kijana ni kwamba alipeleka kichwa cha habari, na mwili akauacha Dar es Salaam.

Lakini ili tuufahamu mwili huo yatupasa kujua jinsi wataalamu wanavyokusanya ushahidi, na hapa nitawapeleka mbali kidogo, kwenye mabasi ya London.

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza habari za watumishi wa usafiri wa mji ule, wanaume wapatao 31,000 wa umri wa miaka 35 hadi 64. Mabasi yao yalikuwa ya ghorofa mbili. Dereva aliketi kutwa nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, mamia ya ngazi kila siku. Kampuni ni moja, mji ni mmoja, hewa ni moja. Na matokeo? Makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliopatwa, ugonjwa haukuwa mkali kama ule wa madereva.

Watu wengi wangeishia hapo na kupiga makofi. Morris na wenzake hawakuishia hapo. Walikwenda kwenye vitabu vya mashona sare, wakatazama viuno vya suruali. Mwaka 1956 wakatangaza walichokiona: madereva walivaa suruali za viuno vipana kuliko makondakta wa umri uleule, hata wale vijana. Loo! Sasa swali likageuka. Je, kiti ndicho kilichomnenepesha dereva, ama mtu mnene ndiye aliyechagua kiti? Ikiwa ni hili la pili, basi ngazi za basi zimesifiwa kwa kazi ambayo huenda hazikuifanya zote.

Mimi nawapenda watu hawa kwa suruali zile kuliko kwa ngazi. Mtu aliyekwisha kupata sifa, kisha akaenda mwenyewe kutafuta kasoro ya ushahidi wake, huyo asikilizwe.

Dawa ya shaka ya namna hii ni kura. Wachukueni watu mia, wapigieni kura: hamsini waende kwa miguu kila siku, hamsini waendelee na maisha yao ya kawaida. Kwa kuwa kura haijui nani mnene na nani mwembamba, makundi huwa karibu sawa, na tofauti itakayotokea baadaye twaweza kuiweka juu ya mazoezi. Majaribio ya namna hii sasa ni mengi katika nchi nyingi. Moja lasema presha ilishuka sana, lingine lasema kidogo, lingine laona si kitu. Nani asadikiwe?

Mwaka 1979 daktari Archie Cochrane wa Uingereza aliwalaumu madaktari wenzake kwamba hawana utaratibu wa kukusanya majaribio yote na kuyapima kwa haki. Mwaka 1993, baada ya kufa kwake, ikaanzishwa jumuiya yenye jina lake kwa kazi hiyohiyo. Kazi yao yafanana na baraza la kijiji linalokata kesi ya mpaka wa shamba. Wazee wenye akili hawahesabu mashahidi, huuliza kila mmoja: ulikuwa umesimama wapi? Uliona au ulisikia? Una shamba karibu? Mashahidi kumi waliosikia kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja. Vivyo hivyo wakusanyaji wa ushahidi huandika swali lao kabla ya kuanza, hutafuta majaribio yote, hata yale ambayo hayakumpendeza mtu na yakaachwa sandukuni, kisha huyachuja. Jaribio kubwa lililofanywa vizuri huwa na uzito zaidi, na lile dogo la ovyo huwa na uzito mdogo.

Haya, sasa tulifungue lile sanduku la majaribio 391.

Ndani yake majaribio 197 ni ya mazoezi, na 194 ni ya dawa. Hesabu za majaribio karibu zalingana, lakini tazameni hesabu za watu. Yale ya mazoezi yalikuwa na watu 10,461, yale ya dawa watu 29,281. Maana yake kila jaribio la mazoezi lilikuwa na watu kama hamsini na watatu tu, na kila jaribio la dawa watu kama mia na hamsini. Tena, wengi wa hao wa mazoezi hawakuwa na presha ya kupanda hata kidogo. Majaribio yaliyowahusu watu kama baba mkubwa yalikuwa 56, watu 3,508. Basi ile 391 ambayo mzee ameishika kama fimbo, kwa upande wa jambo lake yeye ni 56.

Katika hao waliokuwa na presha, mazoezi yalishusha namba ya juu karibu alama 9. Hilo si dogo! Na walipolinganisha na dawa hawakuona tofauti iliyo wazi. Lakini watu wote walipojumlishwa, wagonjwa na wazima, dawa zilishinda kwa alama karibu 4. Na ulinganifu wenyewe haukuwa wa uso kwa uso. Hawakuchukua watu wa kijiji kimoja na kuwapigia kura, hawa vidonge, hawa kutembea. Walichukua jaribio la dawa la hapa na jaribio la mazoezi la kule, wakalinganisha kwa hesabu. Ni kama kusema nani mpiga kasia hodari kati ya mtu wa Lundo na mtu wa Lituhi, ambao hawajashindana kamwe, kwa kuwa kila mmoja aliwahi kushindana na mtu wa Liuli. Yafaa kitu, lakini mtu hauzi mtumbwi wake kwa hilo. Na hao wenyewe walioandika walionya waziwazi kwamba watu wasiache dawa zao kwa sababu ya maandishi yale. Onyo hilo halikupanda basi la kwenda Lundo.

Liko jambo lingine, nalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Majaribio hayo yalipima namba ya presha. Lakini baba mkubwa haogopi namba. Aogopa kiharusi, yaani siku moja kuamka mkono mmoja haushiki kasia na mdomo umekwenda upande. Kwa upande wa dawa tunao ushahidi wa kiharusi chenyewe, tena wa siku nyingi. Mwaka 1967 kule Marekani hospitali za askari wa zamani zilitangaza jaribio la wanaume 143 waliokuwa na presha kali sana. Nusu walipewa dawa, nusu vidonge bandia, kwa kura. Katika kundi la vidonge bandia watu 27 walipatwa na mambo mazito, katika kundi la dawa watu 2. Hata jaribio likakatizwa mapema, maana kuendelea kuwanyima watu dawa kungekuwa ukatili. Presha ya wale watu ilikuwa kali kuliko ya mzee wetu, sitaki kumtisha. Lakini baada ya hapo yalifuata majaribio mengine mengi, hata kwa presha za kadiri, na dawa zikazidi kuonekana zakinga kiharusi. Mazoezi hayajapimwa hivyo, kwa kura na kwa miaka ya kutosha, kwa watu wenye presha walioacha dawa. Ndiyo maana nasema vidonge vitoke mtungini.

Msomaji mmoja ataniuliza, "Wewe watutajia Wazungu tu. Je, hapa kwetu?" Swali ni la haki. Yako ya kwetu, na moja nalipenda kwa sababu lilimkatalia kila mtu.

Watafiti waliwafuata watu waliohama vijijini mkoani Morogoro kwenda kukaa Dar es Salaam. Walianza na watu 209 kabla hawajahama, na baada ya miezi kumi na miwili walifanikiwa kuwapima 132. Habari ilitolewa mwaka 2010. Kijijini, wanaume 79 katika kila mia walikuwa wakifanya kazi za nguvu. Mjini walibaki 26. Wanawake walitoka 38 hadi 16. Uzito ukapanda, kilo mbili na zaidi, kwa mwaka mmoja tu! Hapo wewe nami tungeapa kwamba na presha imepanda. Kumbe la! Ilishuka. 

Je, tuseme kukaa kitako kwashusha presha? Hasha. Watu 132 ni wachache, na zaidi ya theluthi ya walioanza hawakupimwa mwisho; pengine ndio waliougua, pengine ndio waliofaulu. Mwaka mmoja ni mfupi. Tena mjini walikula nyama zaidi, lakini na matunda na mboga zaidi pia. Hata kupimwa kwenyewe, mtu hushtuka mara ya kwanza na presha hupanda, mara ya pili amezoea. Lau kijana wetu wa Dar es Salaam angeukuta uchunguzi huu peke yake, angempelekea baba yake habari nyingine kabisa, na mzee angalikuwa amelala mpaka saa tatu asubuhi kwa afya yake.

Ushahidi wote ukiwekwa pamoja, wa suruali na wa kura, wa London na wa Morogoro, husema hivi: mwili unaotembea huishi vizuri zaidi, moyo wake una nguvu zaidi, na kisukari huukaribia kwa shida. Juu ya hilo sina shaka. Shaka iliyobaki ni ya kadiri: alama ngapi, kwa nani, na kwa muda gani. Na kadiri ndiyo iliyompotosha mzee.

Shirika la Afya Duniani lilikusanya ushahidi huo likatoa maongozi yake mwaka 2020. Mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa juma za mwendo wa kadiri, yaani mwendo unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Au dakika 75 hadi 150 za kazi inayokutoa pumzi. Na siku mbili katika juma akaze misuli kwa vitu vizito. Asiyeweza hayo yote afanye awezayo, maana kidogo ni bora kuliko kukosa. Nao hawakusema lazima uvae kaptula. Kulima, kubeba, kupiga kasia, kwenda sokoni kwa miguu, vyote huhesabiwa.

Hapa nina neno na baadhi ya wanaowashauri watu katika zahanati zetu. Mwanamke wa Lundo ameamka gizani, ameteka maji, amelima mihogo mpaka jua la utosi, amerudi na kuni kichwani, jioni ameanika usipa. Mwambie huyu "ufanye mazoezi" uone atakavyokutazama! Na Mmatengo wa milimani achimbaye mashimo ya ngoro katika mteremko, yeye naye umpe kamba ya kuruka? Hawa yafaa waulizwe chumvi, waulizwe kupumzika, waulizwe kama mume aweza kubeba ndoo moja. Wako hata wachunguzi wa Ulaya walioona kwamba wanaume wenye kazi nzito kutwa nzima, pasipo kupumzika, hawakupata faida ile waliyopata wenye kutembea kwa hiari yao. Wale wengi walikuwa watu wa nchi tajiri na kazi za huko, siwezi kuwaweka juu ya mkulima wa Litembo. Lakini yatosha kunifanya nisimtwike mtu mazoezi juu ya mzigo.

Baba mkubwa ni mtu wa namna nyingine. Yeye mashine imechukua kasia lake, na bodaboda imechukua miguu yake. Barabara ya lami imefika Mbamba Bay kutoka Mbinga, nasi twaifurahia, lakini hatujazoea kwamba mtu aweza kumaliza siku nzima bila kutokwa jasho, kwetu sisi ambao jasho tulilipata bure. Kwa mtu huyu ule mwendo wa alfajiri ni dawa kweli. Akienda nusu saa kila siku, ana dakika 210 kwa juma, amekwisha kuingia ndani ya hesabu ya Shirika. Siku mbili awapokonye vijana kasia, avushe mtumbwi mwenyewe. Mikono yake itamkumbuka.

Aangalie machache. Akiona kifua chambana, au pumzi yamkatika kupita kawaida, au kichwa chazunguka, aketi chini mara moja, asijikaze kiume, na aende kwa mganga. Asiseme kwamba "kichwa chepesi" ni dalili ya presha kushuka. Presha iliyopanda mara nyingi haiumi wala haisemi, na wengi huijua siku ya kiharusi. Kichwa si kipimo. Kipimo ni kile cha kufungwa mkononi.

Na sasa, binti yangu, jinsi ya kusema naye. Usimshinde mbele ya watu. Mzee aliyeamka gizani kila siku kwa ajili ya afya yake amefanya jambo ambalo wengi wetu, na mimi mmoja wao, tumelishindwa. Niliwahi kununua viatu vya kukimbilia. Watoto wangu wavivaa kwendea kisimani. Msifu kwanza. Kisha mwambie kwamba wale wa majaribio 391, ambao yeye awaamini, ndio hao hao waliosema dawa zisiachwe. Na umwambie kwamba liko jaribio moja ambalo hakuna Mzungu awezaye kumfanyia, la mwili wake yeye. Ameze vidonge kama atakavyoelekezwa, atembee kama anavyotembea, apimwe presha mara mbili kwa mwezi, akiwa ameketi na kutulia dakika tano, na namba iandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Baada ya miezi mitatu daftari hilo lipelekwe kwa mganga. Ikiwa miguu imefanya kazi yake, huenda mganga mwenyewe akapunguza dawa. Hilo hutokea. Lakini lianze kwa daftari, lisianze kwa mtungi.

Ukurasa wa kwanza andika tarehe ya kesho na kile watakachokisoma zahanati. Ukipata nafasi, utuletee namba hiyo, na ile ya mwezi wa tatu. Na mbegu zile za mahindi zitazameni kabla ya mvua. Vidonge miezi yote hiyo ndani ya mtungi, sijui kama panya hawajavionja. Msimpe mzee vile vya mtungini. Aombe vipya.